Mnyororo Haukumponya: Mraibu, Polisi na Kanisa

Andiko la msingi: Marko 5:1–20

Somo hili tulilianza ibada ya pili Jumapili, lakini saa ikatuishia kabla ya maswali. Nimeliandika ili mlijadili kwenye vikundi vya nyumbani.

Swali lenyewe ni hili: kijana aliyenaswa na unga, tumpeleke wapi? Nikiuliza hapa kanisani napata majibu mawili. Wa kwanza anasema, "Afungwe tu, wametuzidi." Huyo ameibiwa simu, mtungi wa gesi, hata sufuria zikiwa jikoni. Wa pili anasema, "Polisi wenyewe ndio shida. Anashikwa asubuhi, jioni ametoka kwa kitu kidogo. Heri sheria iachane na watumiaji." Wote wawili wanasema kutokana na uchungu wa kweli. Kabla hujachagua upande, fungua Biblia yako.

1. Mji ulimfunga, hakupona

Yule mtu wa nchi ya Wagerasi alikuwa amefungwa pingu na minyororo, tena si mara moja. Marko anaonyesha kwamba walirudia mara nyingi, na kila mara aliikata. Watu wa mji hawakuwa wakatili. Walikuwa wanajilinda, na hiyo ndiyo njia waliyoijua.

Njia tunayoijua sisi ni ileile. Tangu 1994 Kenya ina sheria ya kudhibiti dawa za kulevya, ambayo ilirekebishwa 2022. Mbele ya sheria hiyo, anayepatikana na dawa za kutumia mwenyewe naye ni mkosaji, si muuzaji peke yake. Na kusema kweli, ni nani rahisi kushikwa? Yule aliyelala maskani, asiye na wakili wala nauli.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusuni niongee kibiashara kidogo. Ukimtoa mnunuzi sokoni miezi sita, kisha umrudishe na kiu ileile, muuzaji hajapoteza mteja. Ameahirishiwa mauzo tu.

Msinielewe vibaya. Warumi 13 inatufundisha kwamba serikali ina kazi yake, na kazi hiyo ni pamoja na kumshika anayeuza sumu kwa watoto wetu. Ukijua duka lake, ripoti. Na wizi unabaki kuwa wizi, hata aliyeiba akiwa mgonjwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeshikwa na arosto, anatapika, mifupa inamuuma, halali usiku, hatibiwi na sakafu ya seli. Hofu ya jela haifiki mahali kiu yake ilipo.

2. Mji ulimwacha, hakupona pia

Minyororo iliposhindwa, yule mtu aliishi makaburini. Usiku na mchana alipiga kelele na kujikata kwa mawe. Hakuna aliyemfunga tena, lakini ukimwangalia huwezi kusema alikuwa huru.

Hapa kuna mfano kutoka Marekani. Novemba 2020, wapiga kura wa jimbo la Oregon walikubali kwamba mtu akipatikana na kiasi kidogo cha dawa asipelekwe jela. Kuanzia Februari 2021 alipewa tiketi ya dola 100, ambayo ingefutwa akipiga simu na kufanyiwa uchunguzi wa afya. Wengi hawakulipa wala hawakupiga simu. Pesa za tiba zilichelewa kufika kwa watoa huduma, na wakati huohuo fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikaenea mitaani. Watu wakachoka. Septemba 2024 adhabu za jinai zikarudi.

Wengine husoma hapo wakasema, "Mnaona? Jela ndiyo dawa." Ngoja kwanza. Ureno ilibadilisha sheria yake Julai 2001, na matokeo yake yalikuwa tofauti. Huko, ukipatikana na dawa isiyozidi matumizi ya siku kumi, polisi bado wanakuchukulia hatua, lakini hupelekwi mahakama ya jinai. Unapelekwa mbele ya kamati ndogo yenye wataalamu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Wanataka kujua kama wewe ni mraibu, na kama ndivyo, utatibiwa wapi. Kuuza bado ni uhalifu. Nchi ilipanua tiba wakati huohuo, na maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa wanaojidunga yalishuka sana. Lakini bajeti ilipokazwa baada ya mtikisiko wa uchumi, malalamiko yalianza kusikika tena katika miji ya Lisbon na Porto.

Unaona tofauti? Kumfungua mtu ni hatua moja. Kuwa na mahali pa kumpokea ni hatua nyingine. Oregon walianza na ya kwanza, ya pili ikabaki nyuma.

3. Yesu alifanya jambo la tatu

Yesu hakumfunga, wala hakumpita. Alisimama akaongea naye, akamweka huru. Watu walipofika walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Biblia haisemi nguo zilitoka wapi. Lakini mtu aliyekuwa uchi makaburini hakuzitoa mfukoni. Kuna aliyempa.

Sisemi kila mraibu ana pepo. Nasema kila mraibu anahitaji mtu wa kumletea nguo. Nguo nyingine zinatoka hospitalini. Tangu Desemba 2014, hospitali ya Mathari, Nairobi, imekuwa ikitoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na huduma hiyo ikafika Pwani, Malindi na Kisauni. Mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Arosto inatulia, anaweza kula, kulala na kutafuta kazi.

Kwa hivyo nawasihi: mtu akiombewa hapa mbele, asiambiwe atupe methadoni yake kama dalili ya imani. Akiiacha ghafla anaweza kurudi kwenye unga, na mwili uliopumzika unaweza kuuawa na kipimo alichokizoea zamani. Maombi na dawa havigombani. Dozi ipunguzwe na daktari.

Kuna gharama pia. Nguruwe kama 2,000 walikufa majini, na wenyeji wakamsihi Yesu aondoke. Walipiga hesabu ya nguruwe, wakasahau kuhesabu mtu. Na sisi tutapigiwa hesabu hiyohiyo siku kituo cha tiba kikitaka kufunguliwa karibu na kanisa letu.

4. Nyumbani kwako

Yule mtu aliomba kumfuata Yesu. Yesu akamwambia arudi nyumbani kwa watu wake. Je, nyumbani palikuwa tayari?

Akina mama huniuliza, "Pastor, nimwite polisi au nimfiche?" Akitishia maisha ya mtu, mama, piga simu polisi. Huko si kukosa imani. Akishikwa, usimwache peke yake. Nenda kituoni siku hiyohiyo pamoja na mzee wa kanisa, uliza nambari ya OB. Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama muda huo unaishia wikendi. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Ukitaka ushauri, namba 1192 ya NACADA haina malipo.

Bunge litaamua kuhusu jela. Lakini siku atakapotoka, awe ametoka seli au kliniki, Bunge halitakuwa mlangoni. Tutakuwa sisi.

Maswali ya kikundi
1. Ni kijana gani wa mtaa wako unayemwita "teja" na hujui jina lake?
2. Kikundi chenu kinaweza kumpa nauli ya kliniki mtu mmoja kwa mwezi mmoja?
3. Ni "nguruwe" gani tunaogopa kupoteza?

Tuombe: Bwana, tufundishe kumwona mtu kabla ya kuona hasara yetu. Linda polisi waaminifu, wakemee wanaokula hongo, na uwarudishe watoto wetu nyumbani wakiwa na akili timamu. Amina.