MARIAN ANDERSON NA MLANGO WA OPERA

Katika kwaya tunagawanywa makundi manne: soprano, alto, teno na besi. Haya, niambieni, nani kati yetu anaweza kuimba katika makundi yote? Marian Anderson aliweza, tena akiwa mtoto tu katika kwaya ya kanisa lao mjini Philadelphia, Marekani. Akikosekana mtu wa besi, yeye huijaza nafasi hiyo, ila kwa sauti ya juu kidogo!

Alizaliwa tarehe 27 Februari 1897. Baba yake, muuza barafu na makaa, alifariki Marian akiwa bado msichana mdogo. Mama akawalea mabinti watatu kwa kufua nguo na kusafisha nyumba za watu. Waumini wakafanya mchango, kama harambee zetu, ili Marian asomee muziki. Alipofika katika shule moja kujiandikisha, karani aliwahudumia wote waliokuwa kwenye foleni, kisha akamwambia kwamba hawachukui watu weusi. Basi akarudi nyumbani.

Mwalimu Giuseppe Boghetti ndiye aliyemnoa. Mwaka wa 1925 alishinda shindano la waimbaji wapatao 300 huko New York. Ulaya nako alishangiliwa kwelikweli. Mwaka wa 1935, mjini Salzburg, kiongozi wa okestra Toscanini alisema kuwa sauti kama ile husikika mara moja tu katika miaka mia.

Lakini nyumbani je? Mwaka wa 1939 chama kimoja cha akina mama kilimnyima ukumbi wake jijini Washington kwa sababu ya rangi yake. Eleanor Roosevelt, mkewe Rais, akajiuzulu uanachama. Tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, Marian aliimba nje, penye sanamu ya Lincoln, kukiwa na baridi, mbele ya watu 75,000. Huo si mchezo!

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma. Opera ni tamthilia ambayo wahusika huimba badala ya kusema, nao hawatumii maikrofoni. Hadi wakati huo Marian hakuwa amewahi kuigiza hata opera moja. Jumba kuu la Marekani, Metropolitan Opera, lilimpandisha jukwaani tarehe 7 Januari 1955, wiki chache tu kabla hajatimiza miaka 58. Sauti ni kama magoti ya mchezaji kandanda, miaka huila. Ile ya Salzburg haikuwa imebaki yote.

Aliigiza Ulrica, mpiga ramli, katika opera ya Verdi. Pazia lilipofunguliwa watu walipiga makofi hata kabla hajaimba neno, naye akatetemeka. Mama yake, yule mfua nguo, alikuwa ukumbini.

Siku 20 baadaye Robert McFerrin, mwimbaji mweusi pia, alipanda jukwaa lilo hilo. Mwaka wa 1961 ikawa zamu ya Leontyne Price. Marian aliaga majukwaa mwaka wa 1965, akafariki tarehe 8 Aprili 1993, akiwa na umri wa miaka 96.