Vidole Hufanya Vilichozoea



Mwaka 2018 droni ya DHL na Wingcopter ilivuka ziwa letu kutoka Mwanza hadi Ukerewe ikibeba dawa: kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Ile ilijiongoza yenyewe. Ndege ndogo ya kuchezea ya rimoti ni habari nyingine, hapo kila kitu ni vidole vyako.

Rimoti ina vijiti viwili. Kwenye mpangilio uitwao modi 2, kijiti cha kushoto kinaongeza na kupunguza nguvu ya mota. Cha kulia kinainua na kushusha pua ya ndege. Kwenye modi 1 kazi hizo zimebadilishana: nguvu kulia, pua kushoto. Zote mbili zinarusha ndege vizuri tu.

Sasa mpe aliyezoea modi 2 rimoti ya modi 1. Ndege inashuka kuelekea maji. Anavuta kijiti cha kulia ili ipande. Kumbe amekata mota. Anasukuma cha kushoto apate nguvu. Pua inazidi kuinama. Ndege ziwani! Na ukimuuliza kanuni, anaijua yote. Kichwa kilijua, vidole havikujua.

Ndiyo maana Mt. Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba fadhila ni zaidi ya kujua jema. Ni tabia thabiti ya kulitenda. Katekisimu (1810) inaongeza: fadhila za kibinadamu hupatikana kwa malezi, matendo ya makusudi na uvumilivu, na neema ya Mungu huzitakasa.

Fikiria usiku wa kuamkia mtihani. Majibu ya wizi yanaingia kwenye simu yako. Amri ya saba unaijua toka Komunyo ya Kwanza. Lakini kama muhula mzima ulikuwa unanakili kazi za wenzako, kidole kitafungua ujumbe kabla hujafikiri.

Je, tabia inabadilika? Ndiyo. Anayehama modi huanza kwenye programu ya kompyuta, halafu hurusha juu sana, ambako kuna muda wa kujirekebisha. Nasi tuanzie kwenye madogo, mapema, kabla ya jaribu kubwa. Na tukianguka, kitubio kipo.

Zoezi la wiki: soma Waebrania 5:14. Chagua tendo moja dogo la uaminifu, ulirudie kila siku hadi Jumapili, ukianza na sala fupi asubuhi.

Bikira Maria atuombee.