Gari Likigonga, Simama

Kijiji kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na gari kuukuu, Land Rover ya petroli. Gari hilo lilibeba mbegu na mbolea. Lilibeba pia wagonjwa na akina mama wajawazito kwenda hospitali.

Siku moja injini ilianza kugonga: ko, ko, ko. Mwenyekiti akauliza, "Ndugu dereva, hiyo ni nini?" Dereva akajibu, "Ni uzee tu, Mwenyekiti. Tutafika."

Hawakufika. Kwenye mlima ulisikika mshindo mkubwa. Chuma kilitoboa ubavu wa injini. Oili yote ikamwagika barabarani. Masika yote wagonjwa walibebwa kwa machela.

Lakini kilichoanza kuharibika kilikuwa kitu kidogo: beringi ya konrodi. Leo tujifunze habari zake.

KONRODI NI NINI?

Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka. Mkono wa chuma huunganisha pistoni na krankishafti, yaani mhimili mkubwa unaozunguka. Mkono huo ndio konrodi. Mtazame mtu aendeshaye baiskeli. Goti lake hupanda na kushuka, lakini pedeli huzunguka. Konrodi hufanya kazi kama mguu huo.

Pale konrodi inaposhika krankishafti pana mabamba mawili membamba ya nusu duara. Hayo ndiyo beringi. Uso wake ni wa madini laini, ili beringi ilike na krankishafti ipone. Kati yake pana nafasi ndogo sana, kama unene wa unywele au pungufu. Nafasi hiyo hujaa oili. Oili ikipungua au ikiwa chafu, beringi hulika. Nafasi huwa kubwa, na konrodi huanza kupiga kama nyundo.

DALILI ZAKE

1. Sauti nzito ya kugonga kutoka chini ya injini. Huzidi unapokanyaga mafuta au unapoachia. Sauti nyepesi ya tik-tik kutoka juu mara nyingi ni ya valvu.
2. Injini ikipata moto, sauti huzidi, maana oili ya moto huwa nyepesi.
3. Geji ya oili hushuka, au taa ya oili huwaka.
4. Oili ikimwagwa katika beseni safi, huonekana chembe zinazong'aa. Pitisha sumaku. Chembe za beringi kwa kawaida hazishikwi na sumaku. Chembe za chuma hushikwa.

Ukisikia sauti hiyo, zima injini. Pima oili. Huenda ukiongeza oili kelele itapungua, lakini usidanganyike. Beringi iliyolika haioti tena. Gari livutwe hadi kwa fundi.

Fundi hutafuta silinda yenye ugonjwa. Huzima injini, hutenga plagi moja, kisha huwasha kwa muda mfupi. Kugonga kukipungua, silinda hiyo ndiyo yenye kasoro.

JINSI YA KUBADILISHA

Kazi hii ni ya fundi, lakini wewe mwenye gari ujue hatua zake, ili uweze kuuliza.

1. Waya wa betri ufunguliwe. Gari lisimamishwe juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
2. Oili imwagwe, kisha sampu ifunguliwe. Sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini.
3. Kila konrodi na kifuniko chake vitiwe alama: 1, 2, 3, 4. Kifuniko kirudi kwa konrodi yake, na upande wake ule ule.
4. Beringi zitazamwe. Mikwaruzo huonyesha uchafu katika oili. Rangi ya shaba ikitokeza, ule uso laini umekwisha.
5. Krankishafti ipimwe kwa maikromita, pande zote. Ikiwa imekwaruzwa au haina mviringo sawa, itolewe ikachongwe kwa mashine. Hapo zitanunuliwa beringi nene zaidi, kwa mfano za milimita 0.25 au 0.50.
6. Beringi mpya zifutwe, zipakwe oili safi na zikae sawa katika vijino vyake. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kama kitabu cha gari kinavyosema.
7. Baada ya kukaza kila konrodi, injini izungushwe kwa mkono. Ikikwama, kuna kosa.
8. Filta na oili ziwe mpya. Injini izungushwe kwanza bila kuwaka, hadi oili ipande.

Fundi akitaka kuweka karatasi au bati chini ya beringi iliyolika, mkatalie. Akitaka kupiga tupa kifuniko, mkatalie pia. Kelele itatulia siku chache, halafu injini itakufa.

Tena muulize: "Beringi zililika kwa nini?" Kama sababu haikuondolewa, beringi mpya nazo zitalika.

DAFTARI LA GARI

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Fungua daftari la gari. Andika tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa na siku ya kubadilisha oili. Oili ikipungua kila wiki, daftari litakuambia kabla injini haijalia.

Ukisimama mapema, huenda utanunua beringi, gasketi, filta na oili. Ukichelewa, utalipia pia kuchonga krankishafti. Ukichelewa zaidi, utatafuta injini nyingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini uso wa beringi ni laini?
2. Dereva wa kijiji kile angefanya nini aliposikia kugonga?
3. Gari au mashine ya kijiji chenu ina daftari? Nani huliandika?