Haki ya Mwenye Kurejea Kwao, na Khatari ya Kuuza Kahawa Ingali Mtini

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu la leo, enyi ndugu, ni juu ya mtu aliyetoka kwao kutafuta riziki, kisha akarejea. Wazee wetu wa baharini walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila mmoja katika sisi anamjua kijana aliyekwenda Maskati, au Jidda, au Doha, akarudi na sanduku dogo kuliko lile alilotoka nalo. Siku ya kwanza hulakiwa kwa furaha. Siku ya saba huulizwa ameleta nini. Na baada ya mwezi mmoja hupita uchochoroni, asije akakutana na watu wa barazani.

Tumependa kulieleza jambo hili kwa mfano wa nchi ya bara, nayo ni Karagwe na Kyerwa, katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Nchi hiyo si ngeni kwetu. Wafanyi biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika milki ya mfalme Rumanika, na Stanley alipofika huko mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim amekwisha kukaa miaka mingi. Zamani hizo watu walifuata pembe. Leo mtu wa pwani aendaye huko hufuata kahawa. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hata mwaka 2012 ilipofanywa wilaya peke yake. Mto Kagera ndio mpaka wao na Rwanda, na kaskazini ya Kyerwa ni Uganda. Basi kwenda na kurudi ni jambo la kila siku kwa watu wa huko.

Wenye kurejea ni namna tatu: aliyerudi kwa khiari yake na akiba mkononi, aliyerudi kwa sababu ameishiwa, na aliyerejeshwa kwa amri. Namna hii ya tatu Karagwe imeiona sana. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa malaki, na Desemba 1996 wakaamriwa kurudi kwao. Tena mwisho wa Julai 2013 wageni wasio na idhini katika mkoa wa Kagera walipewa wiki mbili waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu ya watu wakaondoka, na katika hao walikuwamo waliozaliwa upande huu, wasiomjua mtu upande wa pili. Hukumu ya uraia ni kazi ya serikali, nasi hatuingii humo. Tunalouliza ni hili: mtu akishafika, ni nini haki yake juu ya jirani zake, na ni upi wajibu wake mwenyewe?

Jawabu tunaliona katika khabari iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah. Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza nyumbani kwake mna nini. Akasema mna guo moja, nusu hujifunika na nusu hutandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavitaka viletwe, akavinadi mbele ya watu. Wa kwanza akatoa dirhamu moja, mwingine akazidisha, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Akamwamrisha anunue chakula cha watu wake kwa dirhamu moja, na shoka kwa ya pili. Kisha Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akakate kuni, asimuone kwa muda wa siku kumi na tano. Alipomrudia alikuwa na dirhamu kumi. Katika khabari hii mna mafunzo matano.

Funzo la kwanza: ahesabu alichonacho. Mwenye kurejea husema, "Sina kitu," na mara nyingi hasemi kweli, hata kama hakusudii uwongo. Aliyefanya kazi ya uashi Kampala miaka sita, au aliyejifunza kutengeneza injini katika karakana ya Mwanza, anacho kitu, ila hana karatasi ya kukithibitisha. Na ajue ya kuwa VETA huwapima mafundi waliojifunza kazini pasipo kusoma chuoni, na mwenye kufaulu hupewa cheti. Kadhalika aende mapema kwa mtendaji wa kijiji ajulikane kuwa amerudi, na aitazame mipaka ya shamba la babake mbele ya ndugu na wazee, mapatano yaandikwe. Ndugu wengi wamegombana kwa sababu mmoja alirudi akakuta migomba yake ina mwenyewe mwingine.

Funzo la pili: asiuze kwa bei ya kwanza. Mtume hakuikubali dirhamu ya kwanza. Na hapa ndipo mahali pa khatari kubwa katika nchi hiyo ya kahawa, maana uko mtindo uitwao butura. Mwenye dhiki huuza kahawa yake ingali mtini, pengine ingali ua, kwa fedha kidogo anayopewa leo, na mavuno yote ni ya mnunuzi. Tuseme mtu ana mibuni ya kutoa magunia kumi. Amerudi mikono mitupu, mtoto anafukuzwa shule, mama ni mgonjwa. Anakuja mtu na bei ya magunia matatu, anaipokea. Msimu ukifika huyachuma magunia kumi kwa mikono yake na kumpa mwingine, na mwaka wa pili dhiki ni ile ile, basi huuza tena. Huyu amerejea kwao, amekuwa kibarua katika shamba lake mwenyewe. Serikali imeupiga marufuku mtindo huu, walakini dhiki haisomi matangazo. Na ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wasijione wako mbali, kwani kangomba ya korosho ni jamaa yake butura.

Funzo la tatu: chakula kwanza, kisha chombo. Dirhamu ya chakula ilitangulia, kwa kuwa mwenye watoto wenye njaa hana subira ya kungoja msimu. Mbuni mchanga hutaka kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, lakini maharage huvunwa kwa miezi mitatu hivi, na Karagwe ina misimu miwili ya mvua. Basi mwenye kurejea aanze na maharage katika kiunga cha nyumba, ili tumbo lisimlazimishe kuiuza kahawa.

Funzo la nne: apewe muhula. Siku kumi na tano Mtume hakutaka kumuona. Sisi twapenda kumuuliza mtu kila jioni amepata nini, na kumlinganisha na fulani aliyejenga nyumba ya ghorofa. Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe aibu.

Funzo la tano: arudi kutoa khabari. Yule Ansari alimrudia Mtume na hesabu yake. Mwenye kurejea awe na mtu mmoja mwaminifu wa kumuonyesha hesabu kila mwezi, na aingie katika chama cha msingi cha ushirika, ambako kahawa hupimwa kwa mizani mbele ya watu. Vijana wakijiandikisha kikundi huweza kuomba mkopo wa halmashauri, ambao kwa sheria hauna riba; ulisimamishwa mwaka 2023 na kufunguliwa tena mwaka 2024.

SUALI: Je, haijuzu kabisa kumpa mkulima fedha kabla ya mavuno?

JAWABU: Kununua matunda ya miti maalumu kabla ya kudhihiri kufaa kwake, kwa sharti yabaki mtini, hakujuzu; Mtume amelikataza, na sababu yake iko wazi: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda, fedha ya mwenzio umeila kwa haki gani? Iliyoruhusiwa ni salam, nayo ni kulipa thamani yote pale pale, kwa kitu kilichosifiwa, cha kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana, kisichofungwa na mti maalumu. Wala isifanywe kwa kuvunja amri ya nchi, ambayo imeweka njia yake ya kuuza kahawa, wala isiwe hila ya kushusha bei kwa sababu ya dhiki ya mtu. Lililo bora kuliko hayo ni kumkopesha mkopo mwema, akaurudisha kama ulivyo.

SUALI: Nikiacha mimi, si atanunua mwingine?

JAWABU: Huenda akanunua. Utakaloulizwa wewe ni la mkono wako. Na fikiri: yule kijana wako aliyerudi kutoka Maskati, je, ungeridhika mtu aje kuununua mwaka wake mzima kwa chakula cha mwezi mmoja?

Basi, ndugu zangu, katika kila mtaa wetu na wakae watu watatu: mmoja ajuaye kazi za mjini, mmoja mwenye mali, na mmoja mwenye kuaminiwa kwa siri. Akirudi mtu, wamuendee kwake kabla hajajificha. Wamuulize swali la Mtume: nyumbani mna nini? Kisha wamtafutie shoka, na wasione taabu kulitia mpini kwa mikono yao. Wallahu aalam.