Ile 7 Kumbe Ilikuwa 1: Fonti ya Simu Yako na Pesa Zako

Sh3,500 zangu ziliishia kwa mtu nisiyemjua, na chanzo kilikuwa urembo wa simu. Nilikuwa nimebadilisha fonti, yaani mwandiko ambao simu hutumia kuonyesha maneno na namba, nikachagua moja inayofanana na mwandiko wa kalamu. Ilikuwa safi sana, hata marafiki waliisifu. Kisha fundi aliyenitengenezea kabati akanitumia namba yake kwa WhatsApp, nami nikawa naisoma huku naiandika kwenye simu yangu ya pili, kabambe ambayo ndiyo ina laini yangu ya pesa. Nilisoma 0712. Kumbe ilikuwa 0112.

Kwenye ile fonti, 1 ilikuwa na mkia mrefu juu, na 7 ilikuwa imelala kidogo. Ukizitazama kwa haraka ni mapacha. Zamani kosa kama hilo lingejionyesha lenyewe, maana namba zetu za simu za mkononi zilianza na 07 na mambo yakaishia hapo. Lakini tangu 2019 namba za 01 zinatolewa hapa Kenya, kwa hivyo 0712 na 0112 zote ni namba halali na kila moja inaweza kuwa na mwenyewe. Jina lilitokea kabla sijathibitisha, ndiyo, lakini mimi fundi namjua kama "Fundi Ken" tu. Nani anajua jina lake la kitambulisho? Nikaweka PIN.

Nilipiga simu kwa huduma kwa wateja saa nzima baadaye, fundi aliponiuliza pesa iko wapi. Aliyepokea alikuwa ameshatoa. Wiki mbili baadaye alikubali kurudisha Sh2,000. Zile 1,500 nimezisamehe, karibu.

Aibu yenyewe ni kwamba mimi nafanya kazi ya masoko kwenye kampuni ya pesa kwa simu. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nikiwasukuma wahandisi wetu wabadilishe fonti ya programu yetu iwe na mvuto zaidi. Walinikatalia, nikadhani ni watu tu wasiopenda vitu vizuri. Baada ya kisa changu nilirudi kwao, safari hii kuuliza maswali. Haya ndiyo waliyonionyesha, pamoja na yale unayoweza kufanya kwenye simu yako leo.

Fonti inatoka wapi?

Kila simu huja na fonti yake. Kwa Android, fonti ya kawaida tangu 2011 ni Roboto, na kwa iPhone tangu 2015 ni San Francisco. Simu nyingi za Android pia hukuruhusu kubadilisha fonti ya simu nzima, kama nilivyofanya mimi. iPhone haina mchezo huo.

Sasa, programu unayopakua ina njia mbili. Inaweza kutumia fonti yoyote inayoikuta kwenye simu yako, au inaweza kuja na fonti yake yenyewe. Ikija na yake, hata ukiweka mwandiko wa maua kwenye simu, ndani ya programu hiyo herufi zitabaki vile vile. Kwa watengenezaji wa Android kazi hii ilirahisishwa mwaka 2017 na toleo la 8.0, kwa sababu faili ya fonti inawekwa pamoja na picha na rangi za programu, halafu kila sehemu ya maandishi inaambiwa itumie ile.

Watu wa masoko kama mimi tunapenda njia ya pili kwa sababu ya chapa. Tunataka ukiona tu herufi ujue ni sisi. Wahandisi wanaipenda kwa sababu nyingine kabisa: wanajua hasa 7 itaonekanaje kwenye simu yako, ya mamangu na ya wakala kule mtaani.

Lakini fonti ina uzito. Faili moja inaweza kuwa kilobaiti 100 au 200, na kila mtindo kwa kawaida ni faili yake: ya kawaida, nzito, nyembamba, ya mlazo. Mimi nilikuwa nimeomba sita. Mtu anayepakua programu kwa bando la siku, kwenye simu ambayo nafasi imejaa picha za harusi ya dadake, ataona tofauti. Tulibaki na mbili.

Jaribio la nusu dakika

Fungua mahali popote pa kuandika kwenye simu yako, hata meseji usiyoituma, na uandike hivi:

1 7 I l
0 O
5 S
8 B 3

Safu ya kwanza ina tarakimu moja, tarakimu saba, herufi kubwa ya i na herufi ndogo ya L. Je, unaweza kuzitofautisha bila kukodoa macho? Kwenye fonti nyingi za kisasa, i kubwa na L ndogo zote ni kijiti kimoja kilichosimama. Sifuri na O hutofautiana kwa unene tu. Sasa mpe mtu mzima nyumbani asome, simu ikiwa mbali kidogo na jua likipiga kwenye skrini. Hapo ndipo utajua fonti yako ni ya kazi au ya maonyesho.

Mambo haya ni makubwa kwenye pesa kuliko kwenye hadithi. Ukisoma sentensi na herufi moja ikapotea, ubongo unaijaza, kwa sababu maneno mengine yanakusaidia. Namba ya simu haina msaada huo. Tarakimu moja haikuambii chochote kuhusu inayofuata. Kadhalika msimbo wa muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao mwenye duka au karani wa shule anakuomba umsomee kwa simu. Umewahi kusoma "O" naye akaandika sifuri? Basi karo imelipwa lakini haionekani, na unaanza safari ya kwenda shuleni na karatasi mkononi.

Wako wabunifu waliolichukulia suala hili kwa uzito. Mwaka 2019 Braille Institute ya Marekani, inayohudumia watu wenye uoni hafifu, ilitoa fonti iitwayo Atkinson Hyperlegible. Herufi zinazofanana zilitenganishwa kwa makusudi: sifuri ina mstari ndani, L ndogo ina mkia chini, i kubwa ina vikofia juu na chini. Si fonti ya kushinda mashindano ya urembo, kwa maoni yangu, lakini hutakosea namba.

Kuna kitu kingine nisingekigundua peke yangu. Kwenye baadhi ya fonti, tarakimu 1 huchukua nafasi ndogo kuliko 8. Kwenye bango inapendeza. Kwenye orodha ya miamala yako haipendezi, kwa sababu Sh11,110 inaweza kuonekana karibu sawa kwa urefu na Sh8,080, na macho yetu hupima kiasi kwa urefu kabla hata ya kusoma. Ndiyo maana programu nzuri ya pesa hutumia tarakimu zenye upana sawa, ili mamia yakae chini ya mamia na maelfu chini ya maelfu. Angalia orodha yako. Kama koma hazijapangana wima, sasa unajua kwa nini inakuchosha.

Mamangu na herufi kubwa

Mamangu anatumia herufi za ukubwa wa mwisho kabisa. Android 14, iliyotoka 2023, inaruhusu kuzikuza hadi asilimia 200, na yeye angeomba 300 kama ingekuwepo. Ni haki yake. Shida ni kwamba kuna programu ambazo hazimsikilizi. Kwenye Android mhandisi ana vipimo viwili vya kuandikia ukubwa wa maandishi. Kimoja hufuata chaguo la mwenye simu, kingine hakifuati. Ukitumia kile cha pili, mama atakuza herufi za simu nzima, afungue programu, akute zimebaki vidonge vidogo.

Na zile zinazomsikiliza zina mtihani wao. Herufi zikikua, jina la mpokeaji halitoshi kwenye mstari, programu inalikata na kuweka vidoti: "Mary Wanji…" Huyo ni Wanjiku au Wanjiru? Hapo hasa ndipo penye pesa. Kuonyeshwa jina kabla ya kuthibitisha ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kusimamisha muamala, na jina lililokatwa ni nusu ya nafasi hiyo. Kwetu jina na kiasi haviruhusiwi kukatwa tena. Vishuke mstari wa pili, hata kama kitufe kitasogea chini. Nilibishana kuhusu hilo pia, kwa sababu skrini ilikuwa haipendezi tena. Nikashindwa. Vizuri.

Kama unataka kuongeza ukubwa: fungua mipangilio ya simu, ingia pale unaporekebisha mwangaza wa skrini, na hapo karibu utaona ukubwa wa maandishi. Simu nyingi pia zina chaguo la herufi nzito, ambalo kwa watu wengi linasaidia kuliko kukuza tu. Ukishabadilisha, fungua programu yako ya pesa, anza kutuma Sh10 kwa mtu wa nyumbani unayejua jina lake kamili, na uangalie kama jina linaonekana lote. Unaweza kughairi kabla ya PIN.

Herufi zinazogeuka visanduku

Fonti haina kila herufi ya dunia. Aliyeitengeneza alichagua achore zipi. Fonti nyingi za kupakua bure zimechorewa Kiingereza, na hapo ndipo sisi tunaumia kidogo. Kiswahili hakina shida, ila ile alama ya ng' kwenye ng'ombe wakati mwingine hutokea imepinda vibaya. Lakini andika Gĩkũyũ vile inavyoandikwa, na ĩ na ũ zake ambazo Kikamba pia kinazo. Kama fonti haina herufi hizo, simu itaziazima kutoka fonti nyingine, na utaona herufi mbili zenye sura tofauti katikati ya neno. Ikikosa kabisa pa kuazima, itaonyesha kisanduku kitupu. Wabunifu wa fonti hukiita kisanduku hicho "tofu", na ndiyo sababu Google iliziita fonti zake za lugha nyingi Noto, kifupi cha "bila tofu".

Kama umehifadhi majina ya wanachama wa chama chako kwa tahajia ya lugha yako, usiyabadilishe kwa sababu ya visanduku. Hilo ni kosa letu wenye programu, na ni sisi wa kulirekebisha.

Meseji yenye maandishi ya ajabu

Hii naomba uisome polepole. Meseji ya kawaida ya SMS haibebi fonti. Hubeba herufi peke yake, na simu yako ndiyo inayozichora kwa mwandiko wake. Kwa hivyo ukipokea SMS ya "umepokea pesa" ambayo maneno mengine ni manene au yamelala kwa madoido, hiyo si fonti. Mtu amechukua alama za pekee, zile zilizowekwa kwa ajili ya hesabu, akazipanga zifanane na herufi. Kwenye kabambe huenda zikatokea kama visanduku vitupu. Ujumbe wa muamala hauna sababu ya kuandikwa hivyo.

Ujanja mwingine hauonekani hata kwa macho makali. Herufi "a" ya Kirusi na "a" yetu huchorwa sawa kwenye fonti nyingi, ingawa kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti. Aprili 2017 mtafiti mmoja wa usalama alisajili anwani ya tovuti kwa herufi za Kisirili, mwandiko ambao Kirusi pia hutumia, na kwenye baadhi ya vivinjari ilisomeka apple.com bila tofauti yoyote. Alifanya hivyo kuonyesha hatari, lakini tapeli hahitaji ruhusa kujifunza. Kwa hivyo kiungo kilichokuja kwa meseji, hata kiwe na jina letu limeandikwa vizuri kabisa, usikifuate. Fungua programu mwenyewe, au piga ule msimbo wa nyota na reli unaoujua, uangalie salio. Mtu akikupigia akilia kwamba amekutumia kimakosa, jibu lako liko kwenye salio, haliko kwenye meseji. Na kama pesa kweli imeingia, mwambie apitie kwa huduma kwa wateja, wewe usimrudishie kwa mkono.

Nilirudisha fonti ya kawaida kwenye simu yangu siku ile ile. Namba za kuandika kwa mkono sasa nazigawa nne, tatu, tatu, kisha namsomea mwenyewe kwa simu kabla ya kutuma. Na fundi nimemhifadhi kwa jina lake la kitambulisho. Siwezi kulitaja hapa, ila halina Ken popote.

Ukiona kwenye programu yetu jina lililokatwa, kisanduku kitupu, au 1 na 7 zinazokuchanganya, piga picha ya skrini, funika salio na namba za watu, ututumie kupitia sehemu ya Msaada. Taja aina ya simu yako na ukubwa wa herufi unaotumia, maana bila hivyo viwili wahandisi hawawezi kuona unachokiona.