Kujisafisha kwa Ubongo, na Yasemwayo Juu ya Saumu

Ndugu zetu wa Kisumu walituuliza darasani baada ya Alasiri: mzee akisahau majina ya wanawe, je, ni umri, ni jini, au ni maradhi? Na je, ni kweli kuwa saumu huponya hayo, kwa kuwa Mjapani mmoja alipewa tunzo ya Nobel?

Kila seli ya mwili hufanya takataka: protini zilizoharibika na viungo vidogo vilivyochakaa. Seli huzifunga katika kifuko, zikayeyushwa, na kilicho chema kikatumiwa tena. Mbelgiji Christian de Duve aliliita jambo hili otofajia mwaka 1963, maana yake kujila mwenyewe. Seli za ngozi hufa zikaja nyingine; za ubongo nyingi hukaa nasi umri wote, na uchafu wake usipoondolewa hurundikana. Watu wa Kisumu hawahitaji mfano wa mbali. Wameona gugu-maji likiziba ghuba ya Winam: maji yapo, samaki wapo, na mashua haitoki.

Mwaka 2006 wataalamu wa Japani waliwaondolea panya uwezo huo ubongoni tu. Panya wakashindwa kwenda sawasawa, na seli za ubongo zikafa. Katika maradhi ya Alzheimer na Parkinson pia huonekana protini zilizorundikana, ingawa kama kuziba huko ni chanzo au ni tokeo, wataalamu wangali wakibishana.

Ama Yoshinori Ohsumi, tunzo yake ya mwaka 2016 ilikuwa kwa kazi aliyoifanya juu ya hamira iliyonyimwa chakula. Hakutibu mzee yeyote, wala hakuipima Ramadhani. Sisi twafunga kwa kuwa tumefaradhishiwa. Saumu haina haja ya shahidi wa uwongo. Na kumnyima mzee mgonjwa chakula na dawa, kwa kutaraji akili imrudie, ni kumdhulumu.

Hilo la jini ndilo lituumizalo zaidi. Huku Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Na Kisii, si mbali na ziwa, watu 11 walichomwa moto mwaka 2008. Nani ajuaye ni wangapi walikuwa wagonjwa tu, wakisema peke yao usiku?

Tukamwambia aliyeuliza ampeleke mamake kwa daktari kwanza, kwani upungufu wa vitamini fulani, au maradhi ya tezi ya shingo, huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.