Nasaba ya babu yatima: Tusijaze wenyewe mahali palipo wazi

Mdogo wangu alipopeleka posa, wazee wa upande wa binti waliuliza kama ilivyo ada: "Nyinyi ni watu wa wapi?" Ami yangu akatoa karatasi iliyopigwa chapa vizuri, ikionesha nasaba yetu mpaka Hadhramaut. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa dini katika ukoo, akanitaka niweke saini kuwa ninaithibitisha. Nilimwomba anipe muda.

Kilichonifanya nisite ni maneno ya shangazi. Tangu tukiwa wadogo alituhadithia kwamba baba wa babu yetu aliletwa Unguja akiwa mtoto, peke yake, baada ya jahazi la watumwa alimokuwamo kukamatwa na manowari ya Waingereza. Alilelewa na wamisionari Mbweni. Alipokuwa kijana akatoka, akasilimu, akaoa Ng'ambo. Mpaka anafariki hakukubali kupanda tena chombo cha baharini. Sasa mtoto huyo, ambaye mwenyewe hakuweza kumtaja baba yake, karatasi imempatia wapi mababu kumi na wawili?

Ndugu msomaji, jambo hili si la ukoo wangu peke yake. Mkataba wa Juni 1873 ulimfanya Sayyid Barghash afunge soko la watumwa la Unguja, lakini majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri kwa miaka mingi. Watoto waliookolewa hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Wengine walikabidhiwa kwa watu binafsi, wengine kwa misheni: Mbweni na Kiungani huko Unguja, Bagamoyo kwa mapadri waliohamia hapo mwaka 1868, na Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875. Wajukuu wa mayatima hao ndio sisi tunaosali safu moja leo.

Nilianza na sensa, kwa sababu ami alishikilia kuwa "Mwingereza mwenyewe alituandika Waarabu". Nikagundua kuwa ripoti za sensa za wakoloni zinatoa jumla za makundi. Hazikutaji kwa jina wala hazimtaji baba yako. Na hata hayo makundi, watu walijitaja wenyewe. Huko Zanzibar, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiita Waswahili iliporomoka sana. Hawakuwa wamekufa. Wengi walichagua jina jingine, maana jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hata mgao wa chakula ulifuata kabila la mtu. Kwa hiyo sensa inaonesha watu walitaka kuitwa nani. Haioneshi nani aliwazaa.

Kisha nikaenda kwenye jumba la nyaraka, Kilimani, Zanzibar. Madaftari ya watumwa walioachiwa huru yanaandika jina, jinsia, umri wa kukisia, kabila na mahali mtu alipopelekwa. Hapo ndipo palipo na utajiri, na ndipo palipo na mitego. Jina mara nyingi ni lile alilopewa na bwana wake: Mabruki, Feruzi, Almasi. Aliyefika misheni alibatizwa kwa jina la tatu. Aliyesilimu akaitwa "bin Abdallah", na wajukuu wakadhani kulikuwa na mzee aitwaye Abdallah, kumbe ni kusema tu kuwa ni mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu. Kabila nalo lina utata. "Mnyasa" aliweza kuwa mtu yeyote aliyepitishwa njia ya ziwa hilo.

Baada ya siku nne nilipata watoto wawili wanaolingana na habari za shangazi. Wote ni wavulana wa umri mmoja, wote wa miaka ya 1880, wote walipelekwa Mbweni. Mmoja ameandikwa Myao, mwingine Mnyasa. Safu ya baba haipo kabisa. Nakiri kuwa nafsi ilinivuta nichague mmoja ili nirudi na jibu. Lakini kuchagua bila ushahidi kungekuwa sawa na ile karatasi ya ami, tofauti ni nchi tu.

Hapa ndipo dini yetu inapotufundisha. Zayd bin Haritha (r.a.) alitekwa akiwa mtoto, akauzwa katika soko la Ukadh. Watu wa kabila lake walimtambua Makka wakati wa hija, wakampelekea baba yake habari, naye akaja kumtafuta. Zayd akachagua kubaki na Mtume (s.a.w.), akawa anaitwa Zayd bin Muhammad. Lakini zilipoteremka aya za mwanzo za Suratul-Ahzab, alirudishiwa jina la Haritha, kwa kuwa baba alijulikana.

Aya ya tano ya sura hiyo haikuishia hapo. Imeeleza pia hali ya ambao baba zao hawajulikani: hao ni ndugu zetu katika dini na watu wetu. Mfano wake ni Salim (r.a.), aliyekuwa mtumwa, kisha akalelewa na Abu Hudhayfa kama mwanawe. Baba yake hakujulikana, basi hakubuniwa. Akaitwa Salim, mawla wa Abu Hudhayfa. Huyo ndiye aliyewasalisha Muhajirina Quba, na Mtume (s.a.w.) alimtaja miongoni mwa wanne wa kujifunza Qur'an kwao. Abu Hudhayfa akamwozesha binti wa kaka yake, mwanamke wa Kikureshi. Kwa upande mwingine, katika Bukhari na Muslim limekuja onyo kali kwa mwenye kujinasibisha na asiye baba yake hali anajua.

Nilirudi kwa ami na nakala za kurasa mbili. Alizitazama kwa muda mrefu, akasema nimemvua nguo. Nikamjibu: "Ami, sikusema babu hakuwa na baba. Nimesema hatumjui." Saini sikuweka. Tukaenda kwa wazee wa binti tukawaeleza kama ilivyo. Walikaa kimya wiki tatu. Ndoa ilifungwa, ingawa mjomba mmoja wa binti hakuhudhuria.

Nasaha yangu ni hii. Wahojini wazee wenu kabla hawajaondoka, hasa wanawake, maana wao huhifadhi yale ambayo wanaume huyaonea haya. Tafuteni katika madaftari kwa subira. Na daftari likinyamaza, nanyi nyamazeni.

Wallahu a'lam.